Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya wiki tatu za The Hague



Ndugu wasomaji, miongoni mwa barua zinazopita katika meza ya katibu wa kamati ya msikiti, zimo za wazazi wanaoomba msaada wa waumini kwa ajili ya mtoto aliyepata nafasi ya masomo nje ya nchi. Nyingi huandikwa kwa adabu na kwa moyo safi, lakini zina upungufu unaofanana. Huweka jumla moja ya fedha chini ya ukurasa, bila ya kueleza jumla hiyo imetoka wapi. Anayeombwa hajui anachangia nini, na mara nyingine hata muombaji mwenyewe hajui.

Juma hili napenda tuuchukue mfano mmoja na kuupekua mpaka ndani: mafunzo ya kiangazi ya Akademi ya Sheria za Kimataifa ya The Hague, nchini Uholanzi. Nimeuchagua mfano huu kwa kuwa vijana wetu wanaosoma sheria, wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Kampala, huutamani sana. Na kwa kuwa ni safari fupi ambayo gharama yake huweza kuisumbua familia kwa muda mrefu baada ya kijana kurejea.

Mafunzo yenyewe ni yapi?

Akademi hiyo ilianzishwa mwaka 1923, na makao yake yako katika Jumba la Amani, jengo lililofunguliwa mwaka 1913. Ndani ya uwanja huohuo ndimo inamoketi Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kwa sisi watu wa pwani hii, mahakama hiyo si jambo la mbali. Ndiyo iliyotoa hukumu ya mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021. Jaji Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia aliiongoza akiwa rais wake kuanzia mwaka 2018 hadi 2021, na Jaji Julia Sebutinde wa Uganda aliingia humo mwaka 2012. Kijana anayesema anataka kukiona kwa macho yake kiti walichokalia watu hao hasemi upuuzi.

Mafunzo ya kiangazi hufanyika kati ya Julai na Agosti, kwa vipindi viwili vya wiki tatu kila kimoja. Cha kwanza huhusu sheria baina ya dola na dola. Cha pili huhusu sheria zinazotumika pale ambapo watu, familia au kampuni za nchi tofauti zinapokutana katika mkataba, ndoa, mirathi au mgogoro. Masomo hutolewa kwa Kiingereza na Kifaransa, na wakalimani hufanya kazi papo kwa papo.

Mzazi alielewe jambo hili mapema: anayemaliza wiki tatu hupata cheti cha kuhudhuria. Hiyo si shahada, na haimfanyi mtu kuwa wakili. Ipo pia diploma ya Akademi, lakini hiyo hupatikana kwa mtihani mgumu, na wanaoifikia ni wachache sana. Mhitimu wa sheria wa Tanzania bado atatakiwa kupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kabla ya kuapishwa kuwa wakili, na mwenzake wa Kenya atapita katika chuo cha sheria cha nchi yake. Ikiwa fedha zilizomo ndani ya nyumba zinatosha jambo moja tu, jibu liko wazi: hatua ya lazima hutangulia hatua ya hiari.

Kitanda ndicho kinachokula fedha

Wazazi wengi huitazama nauli ya ndege kwa hofu, wakayapita makazi kwa haraka. Kumbe katika safari ya aina hii makazi huweza kuishinda nauli. Akademi si chuo chenye mabweni. Mwanafunzi hujitafutia mahali pa kulala, naye hutafuta katika majira mabaya kabisa ya kutafuta. The Hague ni mji wenye ufuo wa bahari, Scheveningen, na Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo Wazungu wenyewe humiminika huko kupunga upepo. Bei za vyumba hupanda, na vyumba vya bei nafuu humalizika mapema. Juu ya bei hiyo, manispaa hutoza kodi ya wageni kwa kila mtu kwa kila usiku, na si kila tangazo la chumba huijumuisha katika bei inayoonekana kwanza.

Wiki tatu za masomo si usiku 21. Ukihesabu siku ya kufika kabla ya darasa na siku ya kuondoka, ni vyema kukadiria usiku 22 au 23. Tufanye hesabu ya mfano, si bei ya soko. Tuseme chumba karibu na Jumba la Amani ni yuro 70 kwa usiku. Kwa usiku 22, hiyo ni yuro 1,540. Tuseme chumba katika mji wa jirani, kama Leiden au Delft, ni yuro 50. Hiyo ni yuro 1,100. Treni kutoka miji hiyo huchukua takriban robo saa, kisha kuna tramu au mwendo wa miguu. Tukikadiria nauli ya yuro 10 kwa siku, kwa siku 15 za masomo, ni yuro 150. Bado mwanafunzi ameokoa yuro 290. Hesabu hii ndogo huonesha kwa nini neno "karibu" lisinunuliwe kwa bei yoyote. Lakini pia huonesha kwamba chumba cha mbali kikipungua yuro tano tu, nauli ya kila siku itaimeza nafuu hiyo yote na zaidi.

Wapo watakaokwenda hosteli, mahali ambapo hulipiwa kitanda badala ya chumba. Ni njia halali ya kupunguza gharama, lakini familia iulize swali ambalo tangazo halilitangulizi: je, vyumba vya vitanda vingi ni vya wanawake peke yao na wanaume peke yao, au ni mchanganyiko? Katika hosteli nyingi za Ulaya, chumba cha mchanganyiko ni jambo la kawaida, nacho huwa ndicho cha bei ya chini. Anayetaka chumba cha wanawake pekee hana budi kukiomba kwa jina lake na kupata uthibitisho wa maandishi. Vivyo hivyo kwa bafu na jiko. Jiko hasa lina thamani ya fedha, kwani anayepika mwenyewe hula kwa sehemu ndogo ya gharama ya anayekula mkahawani.

Njia ya tatu ni chumba cha mtu binafsi: mwanafunzi wa Kiholanzi amekwenda likizo na anataka kukipangisha chumba chake. Nafuu ipo, na hatari ipo. Si kila mpangaji ana ruhusa ya kumpangisha mwingine. Bila ya idhini ya mwenye nyumba, mgeni anaweza kujikuta nje pamoja na masanduku yake. Na wapo matapeli wanaotangaza vyumba visivyo vyao, wakaomba amana itumwe haraka "kwa sababu wengine wanakihitaji". Kanuni ni hii: fedha isitumwe kwa mtu asiyejulikana, kwa chumba ambacho hakuna mtu wetu aliyekiona. Kama yupo Muislamu au Mswahili tunayemwamini katika mji huo, aombwe kwenda kugonga mlango.

Njia ya nne ni kwa jamaa. Familia zetu zimesambaa, na huenda yupo shangazi Rotterdam, nusu saa kwa treni, au ami aliyeoa huko zamani. Hapo tukumbuke msemo wa wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wiki tatu ni ugeni mrefu katika nyumba ndogo za Ulaya. Kijana aende na mchango wa chakula uliopangwa, aoshe vyombo, na ajue saa ya kurudi. Tena jamaa aulizwe mapema, aachiwe nafasi ya kukataa bila ya kuvunjiwa heshima. Kumpigia simu kumwambia "mtoto anakuja Jumapili" kutamnyima nafasi hiyo.

Viza: fungu ambalo halirudi

Raia wa nchi zetu za Afrika Mashariki huhitaji viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ombi likikataliwa haitarudishwa. Kituo kinachopokea maombi huongeza ada yake ya huduma. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisiwasilishwe chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini huweza kufika siku 45. Kwa hiyo anayekwenda Julai, akiomba Juni, anacheza na fedha za watu.

Mwombaji hutakiwa kuwa na bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, barua ya kukubaliwa, uthibitisho wa makazi, mpango wa ndege, na ushahidi kwamba anaweza kujitunza. Uholanzi imekuwa ikitumia kigezo cha yuro 55 kwa siku. Kwa siku 23 ni yuro 1,265. Kigezo hubadilika, hivyo kiangaliwe upya ubalozini kabla ya kuomba. Kama jamaa aliyeko Uholanzi ndiye atakayemlaza au kumdhamini, ipo fomu maalumu, na saini yake huthibitishwa na manispaa ya anakoishi. Mdhamini wa gharama huonesha pia kwamba kipato chake kinatosha. Ahadi ya simu haitazamwi.

Hapa ndipo pana mtego. Ubalozi unataka kuona makazi na ndege, nayo makazi na ndege yanataka fedha. Familia isiyoelewa hulipa vyote, kisha viza ikakataliwa, na fedha zikapotea pande zote mbili. Njia ya salama ni kuweka nafasi ya chumba inayoweza kufutwa bila ya gharama mpaka tarehe fulani, na kuhakikisha tarehe hiyo iko baada ya siku ya kutarajia jibu. Kwa ndege, iwekwe nafasi tu. Tiketi inunuliwe viza ikishabandikwa katika pasipoti. Chumba kinachofutika huwa ghali kidogo kuliko kisichofutika. Tofauti hiyo ni bei ya kulala usingizi.

Na lipo jambo la kusema bila ya kuzunguka. Umezuka mtindo wa kuazima fedha kwa ndugu na marafiki, kuziweka katika akaunti kwa wiki mbili ili taarifa ya benki ionekane nene, kisha kuzirudisha. Maofisa wa viza wanalijua hilo, na fedha nyingi zilizoingia ghafla huwatia shaka badala ya kuwaridhisha. Lakini hata kama wasingelijua, tunamfundisha nini kijana? Anakwenda kusoma sheria katika mji wa mahakama, na hati yake ya kwanza mbele ya mamlaka ya kigeni ni ushahidi wa uongo. Ukweli ulioandikwa vizuri unatosha: baba ana duka, mama ni mwalimu, mjomba ametoa kiasi fulani, na barua ya kila mmoja hii hapa.

Matumizi ya kila siku

Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol mpaka The Hague ni kiasi cha nusu saa kwa treni, hivyo hakuna haja ya teksi. Maji ya bomba ni salama kunywa. Anayenunua chupa kila siku anatupa fedha. Soko kubwa la Haagse Markt hufunguliwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na humo na mitaa ya jirani hupatikana mboga, samaki na nyama ya halali kwa bei ya mwananchi wa kawaida. Mji una Waturuki, Wamoroko na Wasurinamu wengi, kwa hiyo chakula cha halali si tatizo. Katika mtaa wa Wagenstraat upo msikiti wa Waturuki, jengo ambalo zamani lilikuwa sinagogi.

Baadhi ya maduka ya huko hupokea kadi tu na hukataa noti. Kadi ya benki ya hapa ijaribiwe kwa malipo ya nje kabla ya safari, na ada ya kila muamala iulizwe. Bajeti nzima iandikwe kwa yuro kwanza, ndipo igeuzwe kuwa shilingi, na iongezwe sehemu ya kumi kwa ajili ya kupanda kwa yuro na kwa dharura.

Jambo jingine ambalo vijana hushtukizwa nalo ni urefu wa mchana. Mwanzoni mwa Julai jua la The Hague huzama karibu saa nne usiku, na Isha husogea kuelekea saa sita. Anayepanga chumba cha mbali na kituo afikirie pia mwendo wake wa usiku. Kwa binti, suala la kusafiri bila ya maharimu lina mjadala wake miongoni mwa wanavyuoni. Familia imuulize sheikh wao kabla ya kujaza fomu ya kwanza. Swali hilo likisubiri mpaka mkesha wa safari, huvunja nyoyo na fedha kwa pamoja.

Kikao cha nyumbani

Baada ya hesabu hizi, ndipo familia ikae. Ushauri wangu ni kwamba mchanganuo uandikwe na mwanafunzi mwenyewe, mstari kwa mstari: ada ya Akademi, viza na bima, ndege, makazi, nauli za huko, chakula, akiba. Mbele ya kila mstari aandike nani analipa, na ni fedha gani itapotea ikiwa viza itakataliwa. Mwanafunzi wa sheria asiyeweza kuandika ukurasa huo bado hajawa tayari kwa safari hiyo.

Kisha yaulizwe maswali matatu. La kwanza: je, kijana anakusudia kweli njia hii, mathalani sheria za bahari, usuluhishi wa kibiashara, au kazi katika wizara na mashirika ya kimataifa? Kama nia yake ni kufungua ofisi ya uwakili wa ardhi na mirathi wilayani kwao, ni kazi ya heshima na yenye thawabu, lakini The Hague haitamsaidia sana. La pili: je, ameomba ufadhili? Akademi hutoa ufadhili kwa idadi ya wanafunzi, wengine wakisamehewa ada peke yake na wengine wakisaidiwa pia makazi. Lazima asome kwa makini kama nauli ya ndege imo, na asikose tarehe ya mwisho. Umoja wa Mataifa nao una programu yake ya ufadhili wa sheria za kimataifa huko huko The Hague, na kozi ya kanda ya Afrika mjini Addis Ababa, kwa wenye sifa na uzoefu wa kazi. Tena Umoja huo una maktaba ya mihadhara ya sheria za kimataifa, inayosikilizwa bure kwa intaneti. Kijana ambaye hajasikiliza hata mihadhara kumi ya bure, kwa nini aanze na ya yuro elfu kadhaa?

Swali la tatu ndilo zito: nani ndani ya nyumba hii atakosa kitu ili mmoja asafiri? Ikiwa ni ada ya mdogo wake wa kidato cha tatu, au dawa za bibi, au kiwanja pekee ambacho ndugu wanne walitarajia kukijenga siku moja, basi walioguswa wasikilizwe, pamoja na wale ambao kwa kawaida hunyamaza. Kiwanja kilichouzwa kwa haraka huuzwa kwa hasara, na wiki tatu zikiisha hakirudi. Mkopo wenye riba nao tumeonywa vya kutosha, sihitaji kurudia. Safari hii ni ya hiari. Mafunzo hurudi kila mwaka, na kijana wa miaka 22 anayeambiwa "si mwaka huu, mwanangu, tuweke akiba mpaka mwakani na uombe ufadhili kwa wakati" hajadhulumiwa.

Na ikiwa majibu yote matatu ni mema, basi asaidiwe, na asaidiwe kwa wingi. Umma wetu unahitaji wanasheria wanaojua kusoma mkataba wa gesi, wa bandari na wa mpaka wa bahari, na elimu hiyo haipatikani kwa kukaa nyumbani na kulalamika. Wazazi watakaoleta barua msikitini waambatanishe ule ukurasa wa mchanganuo, na waahidi kwamba kijana akirejea atasoma mbele ya waliochangia hesabu ya kilichotumika na kilichobaki. Fedha ya mchango ni amana. Nami naamini waumini wakiuona ukurasa ulio wazi namna hiyo, mikono yao itafunguka kwa urahisi zaidi.

Tukutane juma lijalo, Inshaallah. Wabillahi tawfiq.